Mwenye Nyumba wa Chumba Kimoja

Mume wake alipokuwa hai, kila akirudi kazini alisimama mlangoni, akagonga kwa kucha na kusema, "Hodi kwa mwenye nyumba." Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, cha kupanga, mlango wa tatu ukiingia uani, na paa lake lilivuja upande wa kitanda. Mkewe naye alimjibu aingie lakini aangalie asipotee, maana nyumba ni kubwa. Wakacheka. Ua mzima ulisikia, na kuta zile zilikuwa nyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya chumba cha kwanza, chumba cha mwisho wanakuombea afya.

Haukupita muda watoto wa pale wakaanza kumwita mama yule Mwenye Nyumba. Wakafuata mama zao, kisha baba zao, na mwisho hata mzee aliyekuwa akija kudai kodi. Mume alipofariki, jina lilibaki. Mama hakulikataa. Kila alipoitwa hivyo alimsikia marehemu kidogo, halafu akaendelea na kazi.

Kazi yake ilikuwa kushona mito. Asubuhi, akishamaliza sala, alichukua gunia akazungukia karakana za makochi kuokota vipande vya sponji vilivyotupwa. Akirudi alivichambua, akavikatakata kwa mkasi, akavijaza kwenye foronya alizoshona mwenyewe. Ndani kulikuwa na cherehani, kitanda cha mama mkwe, godoro lake yeye ambalo mchana lilisimamishwa ukutani, na magunia ya sponji hadi karibu na dari. Mama mkwe alisema siku moja watapiga chafya pamoja na watakuta wamejazwa kwenye mto wa mtu.

Mama mkwe huyo ndiye aliyemzaa marehemu. Alivunjika nyonga akiwa anatoka bafuni, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo alitembea kwa kusukuma kiti cha mbao mbele yake, hatua moja na kiti, hatua nyingine na kiti. Masikio yake yalikuwa yamepungua, ila mdomo ulikuwa mzima kabisa. Walikuwa wawili tu duniani, mkwe na mkaza mwana, na watu waliotaka kuwagombanisha walichoka wenyewe.

Ndipo habari ya maghorofa ikaja.

Halmashauri ilikuwa imejenga maghorofa ya kodi nafuu nyuma ya soko la mbao, na ua wao, pamoja na nyua nyingine za mtaa ule, zingevunjwa kupisha mfereji mkubwa wa maji ya mvua. Watu hawakuamini. Walikwisha kuona nyumba zinaitwa za wanyonge, halafu kwenye baraza zake zinaegeshwa gari za watu wanene. Afisa wa nyumba alipokuja kufanya mkutano wa kwanza, naye ni mwanamke mwembamba mwenye sauti iliyokauka kwa kusema sana, alipokelewa kwa mikono iliyokunjwa kifuani.

Lakini yule afisa hakuja kuhutubia. Aliuliza: kama ni ninyi mnapanga, kipi kianze? Akatulia, akitafuna pipi yake ya koo. Wote wakasema kwa pamoja. Kinyozi, ambaye kibanda chake kilikuwa mbele ya ua na ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alitaka wapangaji wa pale wapewe kwanza kabla ya mtu yeyote wa nje, na mlango wa mtu usivunjwe kabla hajashika ufunguo wa mwingine. Mkewe, Mama Pacha, akasema kodi iangalie kipato cha mtu, na biashara ikianguka kuwe na mahali pa kwenda kusema kabla vyombo havijatolewa nje. Mwingine aliulizia rangi ya kuta, akazomewa.

Mwenye Nyumba alikaa nyuma, mikono mapajani. Lake lilikuwa moja tu, ngazi. Maghorofa yalikuwa marefu, na mama mkwe hakuweza kupanda hata kizingiti bila kushikwa. Wakipewa juu, bibi yule angeingia siku ya kuhamia na kutoka siku ya kuzikwa. Wakikosa kabisa, hapakuwa na chumba kingine mjini ambacho mito ingeweza kukilipia. Alitaka kuinua mkono, akaona aibu, maana wengine walikuwa wakisema ya watu wote na lake lilikuwa la nyumbani kwake. Kabla hajaamua, afisa akasema mwenyewe kwamba vyumba vya chini havitapigiwa kura. Vitawekwa kando kwa wasioweza ngazi. Mama akashusha pumzi na kumshukuru Mungu kimoyomoyo.

Baada ya siku kadhaa wakaja vijana wawili na kopo la rangi ya buluu. Kazi yao ilikuwa kutia alama kwenye milango ili siku ya kugawa isiwepo hadithi. Mwenye Nyumba hakuwepo, alikuwa karakana. Jioni aliporudi na gunia kichwani, alikuta milango yote ya ua imeandikwa herufi moja, M. Wa kwake tu ulikuwa na herufi mbili, MN.

Watu walikuwa wamekwisha kusanyika kuutazama. Kila mmoja alikuwa na tafsiri yake. M ilieleweka, ni mpangaji. Lakini hiyo N ilitoka wapi? Kinyozi alisema bila wasiwasi kwamba MN ni mjane. Mama akamwambia kwamba yeye hakufika mbali shuleni lakini mjane anaandikwa kwa J. Kinyozi akajibu kuwa vijana walikuwa na haraka. Mama Pacha akadhani ni Mtaa Namba, kisha akakumbuka kwamba mtaa ule haujawahi kuwa na namba.

Mama mkwe, aliyekuwa amekaa mlangoni na kiti chake mbele kama mtu anayeendesha gari, ndiye aliyemaliza mjadala.

"Mgonjwa Ndani," alisema. "Nani mwingine humu ana mgonjwa ndani? Hao vijana walinikuta nimelala, wakaniuliza maswali, nikawajibu. Wameniona."

Ikakaa sawa kabisa. Mgonjwa Ndani, basi chumba cha chini. Ua mzima ukakubali, na wengine wakamwonea wivu wa kheri. Mama aliingia, akafunga mlango, akapiga magoti kati ya magunia na kushukuru kwa muda mrefu. Ile rangi ya buluu aliikwepa kila akifuta mlango, asiiharibu hata kwa kitambaa cha unyevu.

Siku ya kugawa walikusanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi. Mama mkwe alibaki nyumbani akiangaliwa na jirani. Afisa alisimama juu ya benchi akatangaza utaratibu kwa sauti yake iliyokwaruza: wenye M wasimame upande wa madarasa, wataitwa kwa zamu zao. Wenye MN wasimame upande wa bendera.

Mama akaenda upande wa bendera. Njiani Kinyozi alimpungia mkono, akamtania asiwasahau akishafika mbinguni.

Pale kwenye bendera alitegemea kukuta wazee na vilema. Alikuta mabwana wanne na bibi mmoja mwenye mkoba wa ngozi, wote wamevaa viatu vilivyong'aa. Akajiambia kwamba maradhi hayachagui viatu. Akawasalimu kwa heshima, akawauliza hali za wagonjwa. Wakatazamana. Bwana aliyekuwa mbele yake, mwenye shingo iliyokaa kama mikunjo ya blanketi, akageuka na kumuuliza kirafiki ana milango mingapi.

"Mmoja," alisema mama.

"Mmoja tu? Sasa unaishije, dada yangu?"

"Kwa kushona mito."

Bwana yule akatikisa kichwa kwa huruma, akamweleza bibi wa mkoba kwamba siku hizi hata wenye nyumba wana hali mbaya. Hapo mama akaanza kuitilia shaka foleni ile. Akataka kuuliza, lakini kabla hajafungua mdomo alisikia bakora ikigonga ardhi nyuma yake, mlio ambao aliujua, maana kila mwisho wa mwezi uliingia uani kwao. Alikuwa Mzee Bakora, mwenye ule ua kweli, aliyejenga vile vyumba tangu ujana wake na kuviacha vizeeke pamoja naye.

"Mwenye Nyumba," alisema mzee kwa mshangao, "umefuata nini huku?"

Alimwita hivyo kwa mazoea tu. Lakini afisa alikuwa ameshashuka benchi na kufika pale, na alisikia.

Akamuuliza mzee kama anamfahamu mama huyu. Mzee akasema anamfahamu sana, ni mwenye nyumba wa pale kwake. Na wewe ni nani? Mzee akasema yeye ndiye mwenye nyumba. Nyumba ipi? Hiyo hiyo. Afisa akawaangalia mmoja baada ya mwingine, uso wake ukalainika.

"Kumbe ni mkeo," alisema. "Basi mngesimama pamoja tangu mwanzo, mzee wangu."

Upande wa madarasa walikuwa wakisikiliza, maana uwanja wa shule hauna siri. Kicheko kilichotoka huko kiliwaamsha kunguru kwenye paa. Mama alitamani ardhi ifunguke. Mjane wa watu, aliyejitunza miaka yote ile, kuolewa hadharani kwa kosa la mtu mwenye pipi mdomoni.

Mzee Bakora yeye hakucheka. Lilikuwa limemwingia jambo jingine. Wenye nyumba walikuwa wanaitwa kuzungumzia fidia ya viwanja vyao, na hapa kulikuwa na mpangaji wake amesimama kwenye foleni ya fidia, na mlango umeandikwa. Macho yakamtoka. Akamsogelea mama, akasema kumbe ndiyo maana miaka yote anajiita Mwenye Nyumba, alikuwa anapalilia siku hii. Akasema amekula naye, amemsamehe kodi wakati wa msiba, na malipo yake ndiyo haya ya kunyang'anywa urithi wa watoto wake.

Maneno yalikuwa makali, na zamani yangemliza. Lakini mama alikuwa mtu wa kutazama kabla ya kusema, na katika hasira ile ya mzee akaona njia ya kutokea. Herufi za mlangoni ziligeuka maana mbele ya macho yake. Hazikuwa za mgonjwa wala za mjane. Akaelewa kwamba kama atanyamaza kwa aibu leo, mama mkwe wake hatapata chumba cha chini wala cha juu.

"Mzee wangu," alisema taratibu, "hebu mwambie afisa huyu, kwa sauti watu wote wasikie. Pale uani, changu ni nini?"

Mzee Bakora hakuhitaji kubembelezwa. Akamgeukia afisa, akainua bakora juu.

"Huyu hana kitu," alisema. "Hana tofali. Hana bati. Hana msumari. Kitasa cha mlango wake nilinunua mimi. Ni mpangaji, na baba mkwe wake hakuwa na kiwanja, na mumewe hakuwa na kiwanja, na akisema ana hata kokoto moja pale mimi nitaapa popote mnaponitaka."

Aliendelea. Alitaja dirisha, akataja fremu, akataja ndoo ya pamoja ya bafuni. Kila alichokitaja, mama alitikisa kichwa kukubali. "Ni kweli," alisema. "Si changu." Na kila aliposema si changu, kifua kilimpungua uzito. Hajapata kutokea mtu aliyefurahi hivyo kutangaziwa ufukara wake mbele ya mtaa mzima. Upande wa madarasa wakaanza kuitikia kama kwaya: mzee akitaja, wao wanasema si chake.

Afisa akatoa pipi mdomoni. Aliuliza, kama ni hivyo, kwa nini vijana wake walipofika waliambiwa na kinyozi kwamba mlango ule ni wa mwenye nyumba, na wakamkuta bibi kitandani, naye akasema mwenye nyumba ametoka, atarudi jioni?

Kinyozi akajitokeza mbele, mkono kichwani. Ni yeye, alisema. Aliulizwa mlango wa nani, akajibu kama anavyojibu siku zote, halafu akaendelea kumnyoa mteja. Mama Pacha alimtazama mumewe kwa jicho ambalo lingeweza kunyoa bila wembe.

Sasa watu wote wakamgeukia mama, na ikabidi aseme lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu hapakuwa na aliyeuliza.

"Ni jina la mume wangu," alisema. "Yaani alinipa yeye. Alikuwa akirudi anapiga hodi kwa mwenye nyumba. Ulikuwa mzaha wetu. Amefariki, watu wakaendelea kuniita, nami nikawaacha."

Wengine wa pale walihamia baada ya msiba, na hawakujua. Mzee Bakora akashusha bakora polepole. Akasema, kwa sauti nyingine kabisa, kwamba anamkumbuka yule bwana, na kwamba mara moja alimpigia hodi hivyo hivyo yeye mzee akiwepo, na akaudhika wiki nzima.

Afisa alikohoa. Akasema yeye amekosea, na vijana wake wamekosea, maana wameandika jina la utani kama hati. Kisha akauliza kwa upole, "Sasa mama, nikuite nani?"

"Leo niite mpangaji," alisema mama.

Akavuka uwanja kwenda upande wa madarasa. Walimpisha mbele, wakampiga mabegani, Mama Pacha akamshika mkono na hakumwachia. Alipoitwa, alieleza habari ya nyonga na kiti cha mbao kwa maneno machache. Afisa hakumuuliza mara mbili. Akasema vyumba vya chini vimebaki viwili. Kimoja kinatazama mti, lakini kimeshaombewa mtu mwenye mguu wa bandia ambaye yuko njiani. Cha pili kimepakana na chumba cha pampu ya maji. Wote walioonyeshwa wamekikataa kwa kelele, pampu ikiwaka inanguruma kama lori linalopanda mlima. Kama mama anakitaka ni chake, na kama hakitaki, itabidi angoje jengo la pili.

Mama alicheka, kitu ambacho afisa hakukitegemea. Akamwambia kwamba mgonjwa wake hasikii hata ngoma, na yeye mwenyewe anashona kwa cherehani kuukuu, kwa hiyo pampu na cherehani watazoeana. Anakitaka. Anakitaka hata leo.

Njiani kurudi hakukimbia, lakini Mama Pacha baadaye alisema ilibidi yeye akimbie ili kwenda naye sawa. Mama mkwe aliposimuliwa kisa chote alitaka kujua jambo moja tu, kama Mzee Bakora alikataa ndoa au alikubali. Akavuta ncha ya kanga, akajifuta jicho moja, akasema vumbi la sponji limezidi. Jioni ile walisali pamoja, na mama alipofika kwenye shukrani alisita kidogo. Alikuwa amekwisha kushukuru kwa magoti yote kwa ajili ya herufi ambazo kumbe zilikuwa zinamtoa nje. Akaona Mungu amezipokea zile shukrani mapema na kuziweka, akijua zitahitajika. Akaongeza nyingine juu yake.

Walihama siku ya jua. Kinyozi alifunga kibanda chake, jambo ambalo hata sikukuu hakulifanya, akaazima mkokoteni, akabeba magunia yote mwenyewe na kukataa kusaidiwa. Alikuwa analipa deni la mdomo wake, na kila mtu alimwacha alipe. Mama mkwe alipakiwa juu ya magunia. Alipita mtaani ameketi juu ya sponji, kiti chake mapajani, akiitikia salamu kushoto na kulia.

Chumba kipya kilikuwa na sakafu iliyonyooka. Hilo ndilo mama aliliona kwanza. Hapakuwa na kizingiti. Bomba lilikuwa ndani, choo kilikuwa ndani, na kwenye ukuta wa choo kulikuwa na chuma cha kushikia, kimefungwa kwa skrubu nne. Alikishika akakivuta kwa nguvu zake zote, kisha akakivuta tena. Hakikutikisika. Akafungua bomba, akayaacha maji yapite vidoleni, akalifunga haraka kama mtu aliyeiba.

Pampu iliwaka adhuhuri. Ukuta ulinguruma, kikombe kikatembea juu ya meza. Mama mkwe aliinua kichwa, akauliza kama kuna mtu anabisha mlango.

Mchana huo alikitoa kiti chake, akakisukuma hadi mlangoni, akakivusha nje, akasimama barazani peke yake. Hakushikwa na mtu. Kulikuwa na mwanamke jirani akianika nguo, wakaanza kuulizana majina na makazi ya zamani. Mama alitaka kumfuata, kama alivyomfuata miaka yote hiyo, mkono nyuma ya mgongo wake. Aliketi kwanza juu ya gunia ili afunge viatu. Akaegemea ukuta.

Kinyozi alipoingia na mzigo wa mwisho, ambao ulikuwa kichwa cha cherehani, alimkuta amelala fofofo, kiatu kimoja mguuni, mdomo wazi, na pampu ikinguruma nyuma ya sikio lake. Alitaka kumwamsha amuulize cherehani ikae wapi.

Mama mkwe alimwona kutoka barazani, akamtikisia kidole.

"Mwache," alisema. "Weka chini popote. Atapanga akiamka."